Kadi Iliyoandikwa "Hakuna"

Nilikuwa nimesimama juu ya stuli, mikono nimeitanua, nimevaa gauni lenye mkono mmoja na pini zisizopungua ishirini, Fundi aliponipa karatasi nisome. Alijua anachofanya. Mtu aliyezungukwa na pini hawezi kuondoka kwa hasira.

"Mwalimu, hilo jina hapo chini si lako?"

Lilikuwa langu. Karatasi yenyewe ilikuwa fotokopi ya ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili wa kitabu changu, kile kinene cha jalada jeusi ambacho mahakimu hukiweka mezani hata kama hawakisomi. Mtu alikuwa amepigia mstari mwekundu sentensi moja: "Katika nchi jirani hakuna utaratibu wowote wa kisheria unaompa ndugu aliyemlea mtoto wa marehemu haki za mzazi."

Nafundisha sheria linganishi chuo kikuu. Wanaoniuliza kwenye foleni, hiyo ni kazi gani, huwa nawajibu hivi: naangalia nchi moja inafanya nini mtu akivunja ahadi, akimwacha mke, akifa bila wosia, halafu naangalia nchi ya pili inafanya nini, halafu nawauliza wote wawili kwa nini kila mmoja anadhani yeye ndiye mwenye akili. Wanafunzi wananiita Bi Linganisha. Wanafikiri sijui.

"Ni langu," nikasema. "Umeipata wapi hii?"

"Nimeletewa pamoja na barua ya mahakama."

Akanieleza huku akiendelea kunibana kiunoni, na kila alipofika kwenye neno gumu pini iliingia zaidi. Yule mtoto wa kike wa miaka minane aliyekuwa chini ya meza ya kukatia, akitenga vifungo kwa rangi na kujisimulia hadithi kwa sauti, nilikuwa nikimjua miaka miwili sasa. Kila mteja alimwita Kasuku, na yeye alilipenda jina. Siku zote nilidhani Fundi ndiye aliyemzaa. Kumbe Kasuku alizaliwa na dada yake mkubwa, nchi ya jirani, walikokuwa wakiishi wote wawili. Dada alifariki mtoto akiwa hajatimiza mwaka. Fundi akamchukua, akamlea kule miaka mitano, kisha wakarudi nyumbani wakafungua hiki chumba cha cherehani nyuma ya jengo la posta.

"Na baba yake?"

"Dereva wa malori. Alirudi huku kabla dada hajajua kama ana mimba. Mwaka jana ndiyo kasikia ana mtoto. Si mtu mbaya, Mwalimu. Amekodi chumba, amepaka rangi, amenunua kitanda. Anataka mwanawe akae kwake." Akasita. "Wakili wake anasema sheria ya hapa ni moja tu. Mzazi aliye hai ndiye mwenye mtoto, labda awepo mwingine aliyepewa haki ya mzazi kwa sheria ya kule mtoto alikotoka. Na kwa sheria ya kule, wewe umeandika hakuna kitu kama hicho."

Sasa niseme ukweli wangu, na ukweli wangu si mzuri. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa fahari. Kitabu kina umri wa miaka ishirini na mitatu na bado kinapigiwa mistari.

"Nilichoandika ndicho kilivyo, mdogo wangu," nikasema. "Nilizipekua sheria zao zote za familia. Pole sana."

Fundi akachomoa pini mdomoni. "Basi miaka yote saba hii mimi nimekuwa nani?"

Katika lugha yetu yeye ni mama mdogo wa Kasuku, mama kabisa, asiye na shaka. Katika sheria yetu alikuwa mtu baki mwenye cherehani.

Akafungua droo ya nyuzi akatoa kijitabu cha kijani, kona zimeliwa. "Hiki yule wakili amekirusha pembeni. Kule ndicho nilichomwandikishia shule. Alipofanyiwa upasuaji wa koo nilitia sahihi mimi, wakakiangalia hiki, hawakuniuliza karatasi nyingine."

Nikakipokea. Lugha yao naisoma vizuri, niliwahi kuishi kule miaka minne. "Hiki ni kitabu cha kaya," nikamwambia. "Kila nyumba kule wanacho. Ni cha kuhesabia watu tu. Hakimu hatakiangalia mara mbili."

Chini ya meza hadithi ya vifungo ilikuwa imekoma.

Asubuhi ya pili nilikuwa na wanafunzi wa mwaka wa pili. Somo lilikuwa lilelile ninaloanzia kila mwaka, na nina maneno yangu ya kulianza ambayo nikiulizwa usingizini nitayasema. "Msiulize sheria yao inaitwaje. Msiulize iko kwenye kitabu kipi. Ulizeni hivi: jambo likiwafika, wanafanya nini? Mtoto akivunjika mguu na mama hayupo, nani anatia sahihi?"

Binti mmoja wa mstari wa mbele akayaandika. Kalamu yake ilipofika mwisho wa sentensi, nami nikawa nimeisikia kwa mara ya kwanza.

Nani anatia sahihi? Fundi ndiye aliyetia sahihi. Daktari wa nchi nyingine, mwenye kazi ya kupoteza na leseni ya kunyang'anywa, aliangalia kijitabu cha kijani akachukua kisu. Nami niliambiwa hayo usoni kwangu, nikasema ni cha kuhesabia watu.

"Tumemaliza," nikawaambia. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini. Wakaangaliana, maana kwangu dakika moja haipotei, na nikasikia mmoja akinong'ona kwamba Bi Linganisha anaumwa. Hakuwa mbali na ukweli.

Kitabu kile nilikiandika kwa kadi. Zamani hizo kila sheria niliyoisoma niliifupisha kwenye kadi moja, na kadi nikazipanga kwenye maboksi ya viatu ambayo hadi leo yapo juu ya kabati ofisini: Ndoa, Talaka, Mirathi, Malezi. Nikapanda kwenye kiti nikateremsha boksi la Malezi, vumbi likanijaa nywele. Kadi ya nchi jirani ilikuwa na neno moja, kwa mwandiko wangu wa ujana wenye mikia mirefu. Hakuna.

Nikaketi nayo. Kosa halikuwa kwenye kadi. Kosa lilikuwa kwenye maboksi. Nani aliyeniambia wenzetu nao wana boksi la Malezi? Nilichukua mpangilio wa kwetu nikaenda nao kwa watu, nikawa kama mgeni aliyeingia jikoni kwa mwenzake, akafungua kabati ambalo kwake ndilo la chumvi, akakuta vikombe, akatoka nje kutangaza kwamba nyumba hii hawali chumvi. Ni kosa ambalo muuza nyanya hawezi kulifanya. Linahitaji shahada tatu.

Maktaba ya kitivo ina rafu ya sheria za kigeni ambayo mkutubi ameipa jina la makaburini, kwa kuwa hakuna anayeitembelea. Sheria ya Usajili wa Kaya ya nchi jirani niliikuta katikati ya sheria ya sensa na ile ya kupiga chapa ng'ombe. Nyembamba, haijawahi kufunguliwa. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana. Nikaisoma nikiwa nimesimama. Kifungu cha arobaini na moja ndicho kilichonikalisha chini.

Sikukiamini. Nilikwisha kuumwa na karatasi mara moja, safari hii nikataka mtu. Nikapiga simu ofisi ya kata yenye muhuri kwenye kitabu cha Fundi, nikapewa Msajili, mzee mcheshi mwenye kikohozi.

"Bwana Msajili, mtoto akifiwa na mama, na yuko na mama mdogo, kwenu watu hufanya nini?"

"Wanakuja kwangu wiki hiyohiyo, mama. Ndugu wawili wa marehemu wanasimama hapa mbele yangu wanasema tumekubali. Namwandika mtoto kwenye kaya ya mama mdogo. Ukipita mwaka hakuna aliyepinga, basi, ni wake."

"Wake kivipi? Wa kumlisha tu?"

"Wake kama aliyemzaa. Sasa kuna wake wa namna gani tena?"

"Kwa sheria ipi?"

Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Ya kaya, mama. Ulitaka iwe ya nini, ya samaki?"

Nikamwomba aniandikie hayo kwa barua yenye muhuri. Akasema ataiandika leo, ila nimwambie kwanza kazi yangu ni nini. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa sheria za kwao. "Haya," akasema kwa huruma, "kila mtu hujifunza."

Jioni, tukinywa chai barazani, nikamweleza mume wangu. Ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa kusikiliza hadi mwisho kisha kutafuta pale ulipokosea alama.

"Kwa hiyo hakimu amekuita wewe, mwandishi, ukathibitishe ulichoandika," akasema.

"Barua imekuja leo. Kesi ni Alhamisi."

"Na utakwenda kusema umekosea."

"Ishirini na mitatu, mume wangu. Miaka ishirini na mitatu nimewatukana watu mbele za watu kwa kosa hili hili. Nimewafelisha wanafunzi kwa kosa hili hili." Sauti ilinipanda, majirani wakanyamaza. "Naona aibu mpaka tumboni!"

Akanimiminia chai. "Mimi nimekaa miaka thelathini na mwanamke asiyekosea. Nilianza kuchoka." Kisha akanishika mkono, jambo ambalo halifanyi hovyo, na tukakaa hivyohivyo mpaka chai ikapoa.

Wakili wa Dereva alikuja ofisini Jumanne, na hapa lazima niseme kwamba nilikuwa namjua kuliko mama yake anavyomjua. Alikuwa kiranja wa darasa langu miaka minne mfululizo, mwanafunzi bora niliyewahi kumpata. Kwangu hakuwahi kupata jina lingine zaidi ya Kiranja. Aliingia na kitabu changu kwapani, kimejaa vijikaratasi vya rangi.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuja kukuonea fahari kabla ya Alhamisi."

"Marahaba. Kaa, na weka hicho kitabu mbali."

Nikampa kifungu cha arobaini na moja. Namfahamu Kiranja akisoma: midomo haichezi, masikio ndiyo yanayosogea. Yakasogea, yakasimama. Akarudia. Akaweka karatasi mezani polepole.

"Mwalimu. Nimejenga kesi yote juu yako."

"Najua. Nami nilijenga vibaya."

"Mteja wangu amepaka chumba rangi kwa mikono yake. Kila wiki ananiuliza mtoto wa miaka minane anapenda nini, kana kwamba mimi ninajua." Akainuka, akaenda dirishani. Kisha akageuka, na safari hii hakuwa mwanafunzi. "Na kesi nyingine je? Hujafikiria? Ukurasa huu unasomwa mahakamani tangu sijaanza chuo. Unajua ni watoto wangapi wameondolewa kwa sentensi yako?"

Sikuwa nimefikiria. Wallahi sikuwa nimefikiria. Siku tatu nilikuwa nimeilia sifa yangu, na hata mara moja sikuwakumbuka wengine. Nikaitazama ile kadi iliyokuwa bado mezani.

"Ukinyamaza Alhamisi," akasema kwa upole uliokuwa mgumu kuliko ukali, "hakuna mtu atakayejua. Rafu ile haitembelewi."

"Wewe utajua."

"Mimi nitajua," akakubali. Akachukua kitabu chake. Mlangoni akasimama. "Nitakuhoji kwa nguvu zangu zote, Mwalimu. Yule ni mteja wangu."

"Ukinihurumia sitakusamehe."

Mahakama ya watoto ni chumba kisichozidi darasa la chekechea, meza ndefu, viti vya plastiki, feni moja yenye kukwaruza. Hakimu ni mama mnene mwenye sauti ndogo inayowafanya watu wote wainame mbele kumsikiliza. Upande mmoja Fundi, amevaa sketi aliyoishona mwenyewe usiku uliopita, mishono imenyooka kama mstari wa rula. Upande wa pili Dereva, mrefu, mabega yamekunjika, shati bado lina mikunjo ya dukani. Kasuku alikuwa katikati, karibu na karani, amepewa kalamu ya risasi.

Nikala kiapo. Kiranja akasimama, akakifungua kitabu, akasoma sentensi yangu kwa sauti safi.

"Mwalimu, haya ni maneno yako?"

"Ni yangu."

"Ni ya kweli?"

"Hapana. Nilikosea."

Kibodi ya karani ikanyamaza. Akanitazama mimi, akamtazama hakimu. "Mheshimiwa, niandike nini?"

"Andika kwamba Mwalimu amesema amekosea," akasema hakimu. "Na usiruke hata neno. Nilisoma kwake, hatutalisikia tena."

Watu wakacheka, nami nikacheka, na kicheko kikanisaidia kupumua. Kiranja hakucheka. Alinibana. Nilikosea lini? Nikiwa na miaka thelathini na minne. Kwa nini? Kwa haraka, na kwa kiburi. Kiburi kipi? Cha kudhani kwamba wengine wanapanga vitu vyao kama sisi. Ina maana gani kwa kitabu kizima? Ina maana kisomwe kwa tahadhari, kama vitabu vyote. Na leo nimepata wapi huo uhakika mpya? Kila swali lilikuwa swali zuri, na kila lilipotua nilijikuta nataka kuliwekea alama.

"Mheshimiwa," akamalizia, "shahidi anakipinga kitabu chake mwenyewe. Mahakama imwamini yupi, wa zamani au wa leo?"

"Naomba nijibu," nikasema. "Msimwamini yeyote kati yetu. Sheria yenyewe hii hapa, na barua ya Msajili yenye muhuri hii hapa. Na kitabu cha kaya cha Fundi kile pale, ukurasa wa pili: mtoto ameandikwa, ndugu wawili wa marehemu wametia sahihi, na mwaka ulipopita Msajili amepiga muhuri wa pili. Mimi niliutafuta utaratibu huu kwenye sheria zao za familia kwa sababu kwetu uko huko. Wao wameuweka kwenye sheria ya kaya. Nilitafuta chumvi kabatini, Mheshimiwa, na wenzetu wanaiweka chumbani."

"Nani anaweka chumvi chumbani?" akauliza hakimu.

"Wenye nyumba."

Akavuta miwani, akasoma kifungu mwenyewe, aya ya kwanza, taratibu. Fundi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Dereva alikuwa anaangalia sakafu. Namwonea uchungu hadi leo nikikumbuka vile alivyokuwa akiiangalia sakafu ile, mtu aliyekuja na ukweli wa nchi nzima upande wake na sasa anaona unamponyoka.

"Na mzazi wa kweli akijitokeza baadaye?" hakimu akauliza. "Sheria yao inamwambiaje? Apotelee mbali?"

"Hapana. Aya ya pili." Niliitafsiri papo hapo, na nilikuwa nimeisoma mara nyingi sana kiasi kwamba sikuhitaji karatasi. "'Mzazi atakayejitokeza baadaye hatamtoa mtoto katika kaya aliyoandikwa, wala hatarudishwa mlangoni. Atapewa siku zake.'"

Dereva akainua kichwa.

"Rudia," akasema hakimu. Nikarudia. Akaandika kwa mkono wake, ingawa karani alikuwa akichapa.

Hii ndiyo sababu nilizeekea kwenye kazi hii, kama kuna anayeuliza. Sheria yetu ilikuwa na majibu mawili tu, huyu au yule, na mmoja lazima atoke chumbani hana kitu. Maili chache kutoka hapa, watu wasiotuzidi kwa lolote walikaa wakafikiria mtoto mwenye watu wawili wanaomtaka, wakaona hiyo si hasara, wakaliandika jibu la tatu kwenye sheria ya kuhesabia kaya. Nami nilikaa juu yake miaka ishirini na mitatu.

Kiranja akaulizwa kama ana swali zaidi. Alikitazama kifungu, akamtazama mteja wake, na nikaona akipima jambo fulani moyoni. "Sina, Mheshimiwa. Isipokuwa naomba, mahakama ikikubali aya ya kwanza, isiisahau ya pili."

Hakimu akatoka. Akakaa ndani saa nzima, feni ikikwaruza, Kasuku akimchorea karani picha ya karani. Aliporudi hakukaa hata vizuri. Haki ya mzazi ya Fundi, iliyopatikana kwa sheria ya kule, inatambuliwa hapa. Mtoto anabaki kwenye kaya aliyoandikwa. Baba atapewa siku zake: kila Jumamosi, na nusu ya likizo za shule, na asirudishwe mlangoni. Alisoma maneno hayo ya mwisho kama yalivyo, neno kwa neno.

Fundi hakupiga kelele. Alikaa chini, akalia kimyakimya, machozi yakilowesha ile sketi yake mpya. Nikatamani kumkumbatia lakini nilimwogopa kidogo, maana mimi ndiye niliyemfikisha pale. Akaniona nimesimama kama mlingoti, akanivuta mwenyewe.

Nje kwenye ukumbi Kiranja alinikuta nimeegemea ukuta. Akanipa karatasi iliyokunjwa. Alikuwa amekwenda masijala Jumatano yote kupekua majalada. Kesi nne zilizoamuliwa kwa ukurasa wangu.

"Mmoja ameshakuwa mtu mzima," akasema. "Huyo tumechelewa. Watatu bado."

Nikaishika ile karatasi, nikashindwa kuikunjua. "Tumechelewa" ni neno ambalo sikuwahi kulijibia mtihani. Huyo wa kwanza nitamtafuta, nitakwenda kwake kwa miguu yangu, nimwambie usoni nilichofanya, na akitaka kunitukana nitakaa nimsikilize. "Tunaanza lini?" nikauliza.

"Jumatatu. Na uje na kadi zako zote, Mwalimu. Zote. Tuone umeandika wapi kwingine 'Hakuna'."

Alikuwa kiranja tena. Nikamwambia aache kunipangia kazi, naye akajua nimekubali.

Dereva ndiye aliyenisogelea mwisho, kofia mkononi. Nilijiandaa. Alikuwa na haki ya kusema lolote.

"Mama, naomba nikuulize kitu. Kama ungenyamaza, ningempata?"

Ningeweza kuzunguka. Ninayo maneno ya kuzungukia, nimeyasomea. "Ndiyo," nikasema. "Ungempata mzima, siku zote saba."

"Na yeye?" Akamwelekezea kidevu Fundi, aliyekuwa akimfunga Kasuku kamba ya kiatu.

"Yeye asingepata kitu. Hata Jumamosi."

Akaizungusha kofia mkononi. Hakuwa na furaha, na sitamsingizia furaha. Alikuwa mtu aliyetandika kitanda ambacho kitalala kitupu siku sita kwa wiki.

"Basi sheria ya kwao ina utu," akasema hatimaye. Akavuka ukumbi hadi kwa Fundi, akasimama mbali kidogo, kama anayeogopa kukanyaga kitambaa kilichotandazwa. "Shemeji. Hiyo Jumamosi, nije saa ngapi?"

Fundi akafungua mdomo. Kasuku akamwahi.

"Saa tatu," akasema. "Lakini gonga kwa nguvu, cherehani ina kelele. Na mlango nafungua mimi."